Ameacha embe, chai yake bado ina vijiko vitatu

Mtu wa Mwanza akiamua kupunguza mwili, tunda ndilo hufukuzwa mezani kwanza. Utawasikia ofisini, saluni, kwenye daladala za Buhongwa: embe hapana, lina sukari, ndizi ndiyo usiniambie kabisa, nanasi labda kipande, tena asubuhi. Anayeyasema hayo ana kikombe cha chai ya maziwa mkononi, kijiko cha sukari kimeshaingia humo mara tatu, na pembeni kuna chapati iliyokunjwa. Mchana, jua likimzidi, atatafuta juisi ya pasheni ya baridi na kuihesabu upande wa afya, kwa kuwa imetoka kwenye tunda na haikutoka kiwandani.

Simlaumu. Ujumbe uliomfikia ni mmoja tu: punguza sukari. Hakuna aliyemfafanulia ni sukari ipi, na tunda ni tamu, tena liko mbele ya macho yake. Lakini mtu anayepanda mzani kila Jumatatu na kukuta mshale haujasogea anastahili kuambiwa kwamba alichokiacha kilikuwa na mchango mdogo kuliko karibu vyote alivyobaki navyo.

Na wanaopanda mizani hiyo si watu wachache wa Capri Point, mtaa wa wenye nacho. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2004-05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Kasi hiyo haikuletwa na embe, ambalo mababu walilila kwa ndoo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa sukari wa mwaka 2015, linataka sukari isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12 hivi vya chai vilivyosawazishwa. Wengi tunaishia kwenye namba hiyo. Hatusomi sentensi inayofuata, inayoeleza ni sukari gani inayohesabiwa: ile tunayoongeza wenyewe jikoni, inayoongezwa na kiwanda, iliyomo kwenye asali, na iliyomo kwenye juisi ya matunda hata kama juisi hiyo haikuongezwa chembe ya sukari. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye hesabu hiyo. Shirika hilohilo linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Embe likiwa zima, basi, liko upande mmoja wa mstari. Likisagwa na kuchujwa linahamia upande wa soda.

Tuanze na chai, kwa sababu ndiko sukari yetu nyingi inakopita. Kijiko kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi. Tunachochota sisi, chenye kilima juu, hufika gramu 6 au 7. Vijiko vitatu vya namna hiyo ni karibu gramu 20 kwa kikombe kimoja. Kikombe cha asubuhi, cha saa nne na cha jioni vinatosha kumvusha mtu gramu 50 kabla hajafungua soda, na soda ya kola ya nusu lita peke yake ina gramu zipatazo 53. Sasa weka tunda pembeni. Chungwa moja la Ukerewe likimenywa lina gramu 12 hivi za sukari. Kipande cha tikiti chenye gramu 300, ambacho kinajaza sahani na tumbo pia, kina gramu 19 na kalori 90 tu, maana zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji. Papai, gramu kwa gramu, ni pungufu ya chungwa kidogo. Pera, ambalo watoto wa Ilemela wanalichuma bure uani, lina gramu 9 kwa kila gramu 100, na nyuzinyuzi nyingi kuliko karibu matunda yote tunayoyauza.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini na bei kupaa, malalamiko mengi niliyoyasikia yalihusu chai na uji. Ilikuwa msimu wa embe bado unaendelea, na sikusikia mtu akisema mwili umekosa utamu. Kilichokosekana kilikuwa mazoea ya kikombe.

Juisi ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu imejipatia heshima isiyostahili. Simama kwenye kibanda chochote cha juisi karibu na stendi, uangalie mikono badala ya kuangalia jagi. Pasheni zinakatwa katikati, nyama inakombwa kwa kijiko na kutiwa kwenye blenda, maji yanafuata. Blenda inazungushwa kidogo tu ili mbegu zisisagike, kisha kila kitu kinamiminwa kwenye chujio. Kilichobaki juu ya chujio, mbegu na nyuzi, kinagongwa kwenye ndoo ya takataka. Ndipo kinapokuja kikombe cha plastiki kilichojaa sukari. Mteja akisema, "Dada, weka kidogo," dada anapunguza ncha ya kilima, basi. Anajua pasheni isiyokolea sukari itamrudisha mteja huyohuyo akilalamika. Ukwaju ni vilevile. Watu wanaagiza juisi ya ukwaju wakiamini uchachu ni dalili ya kukosa sukari, wakati ukweli ni kwamba kadiri tunda linavyokuwa chachu ndivyo kikombe kinavyorudi mara ya pili kwenye ndoo ya sukari.

Muwa hauhitaji kuongezwa kitu. Unapita kwenye mashine, unakunjwa na tangawizi na ndimu ndani yake, unapitishwa tena na tena mpaka yanabaki makapi makavu. Juisi ya muwa uliokomaa hubeba takriban gramu 13 hadi 15 za sukari kwa kila mililita 100. Kola ina gramu 10 na ushee. Kwa hiyo glasi kubwa ya miwa, hata barafu ikijitwalia nafasi yake, inaipita chupa nyingi za soda zinazoogopwa. Muwa uleule ungekaa nao kibarazani ukaumenya kwa meno, pingili baada ya pingili, taya lingedai mapumziko kabla hujafika robo ya sukari hiyo.

Taya hilo ndilo somo lenyewe. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio dogo ambalo hadi leo linaeleza jambo hili vizuri kuliko mabango mengi ya lishe. Waliwapa watu 10 tufaha za kutafuna siku moja, siku nyingine tufaha zilizosagwa na kuwa rojo, siku nyingine juisi yake, sukari ikiwa ileile kila mara. Juisi ilimalizika haraka mara 11 kuliko tufaha nzima. Waliokula nzima walishiba zaidi, wa rojo wakafuata, wa juisi wakawa wa mwisho. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ilipanda zaidi kwa juisi na rojo, na baada ya juisi sukari ya damu ilishuka chini kuliko ilipoanzia, hali inayomfanya mtu atafute kitu kingine cha kula. Tunda zima halikuleta mteremko huo. Tofauti haikuwa kwenye kiasi cha sukari. Ilikuwa kwenye umbo lililobeba sukari hiyo: nyuzinyuzi zikiwa bado zimeifungia ndani ya chembechembe za tunda, tumbo linaitoa polepole, ini linaipokea kidogo kidogo, na ubongo unapata muda wa kusema basi.

Anayetilia shaka amuulize muuguzi yeyote aliyehudumia wagonjwa wa kisukari. Sukari ya mgonjwa ikishuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, anapewa nini? Anapewa nusu glasi ya juisi, soda au maji yenye sukari, kwa sababu vinaingia damuni upesi. Hapewi pera atafune. Kinywaji tunachokitegemea kupandisha sukari ndani ya dakika chache ndicho tunachokinywa mchana tukisema tunajali afya.

Kuna ushahidi mpana zaidi pia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la kitabibu la BMJ, uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 wa Marekani kwa miaka mingi, ulikuta waliokula zaidi baadhi ya matunda mazima walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya pili, na waliokunywa juisi zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa. Tahadhari mbili. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu vinavyoambatana, hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Halafu matunda yaliyong'ara zaidi yalikuwa buluberi, zabibu na tufaha, ambayo si chakula cha kila siku cha mtu wa Igoma. Hata hivyo mwelekeo wa tunda dhidi ya juisi unakubaliana na yaliyoonekana Bristol.

Lipo kundi kubwa, hasa kwenye WhatsApp, linalofuata mlo wa kuacha wanga. Hao wana mantiki yao: wakiacha ugali, wali na viazi, hata tunda linaingia kwenye daftari la hesabu ya wanga. Sigombani nao hapa. Nagombana na yule aliyebeba nusu ya somo, aliyebaki na ugali uleule, huku akiiogopa ndizi mbivu. Ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga una kalori 700 hivi, na karibu wanga wake wote unaishia kuwa glukosi, yaani sukari, damuni. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kalori 100 au chini yake. Tena itazame ndizi ya Bukoba inayoshuka na meli bandarini ikiwa mbichi. Ikipikwa matoke, watu wanajaza sahani bila wasiwasi. Mkungu huohuo ukiachwa siku chache ukaiva, wanga uliokuwa ndani unageuka sukari, ulimi unahisi utamu, na hofu inaanza. Nguvu iliyomo haikuongezeka kwa kuiva. Ulimi ndio uliopata habari iliyokuwepo tangu mwanzo. Ni kweli ndizi mbichi humeng'enywa polepole zaidi, lakini hakuna anayekula matoke moja.

Nikisema tunda limeonewa, sisemi kwamba lina msamaha wa milele. Msimu unapokolea, Novemba hadi Januari, dodo kubwa moja linaweza kutoa gramu 300 za nyama. Hizo ni gramu 40 na kidogo za sukari na kalori 180. Anayekaa na sado ya embe jioni akala matatu, baada ya wali, ameongeza mlo mwingine juu ya mlo. Mwili unaopunguzwa unajali jumla, na hapo jumla imepanda. Embe lile lile likila nafasi ya chapati ya asubuhi, hesabu inageuka. Swali la maana kwa anayepunguza mwili ni tunda limechukua nafasi ya nini. Lisipochukua nafasi ya chochote, limeongezeka.

Parachichi ni kesi ya peke yake. Halina sukari ya kutaja, hivyo waliokariri somo la sukari wanalila bila breki. Gramu 100 zake zina kalori 160, nyingi kutoka kwenye mafuta. Ni mafuta mazuri, sina ugomvi nayo, lakini parachichi zima kubwa pembeni ya sahani iliyojaa wali na maharage yaliyoungwa kwa mafuta halimpunguzi mtu. Robo au nusu, mafuta ya kuungia yakapunguzwa, hapo sawa. Fenesi nalo linahitaji adabu kidogo, kwa kuwa lina gramu 19 za sukari kwa kila 100, na harufu yake haimruhusu mtu kuacha kwenye punje tatu.

Kisha kuna vilivyokaushwa. Wasukuma wanalijua jambo hili kwa vitendo: kiazi kitamu kikichemshwa na kuanikwa kikawa matobolwa, kiganja kimoja kinabeba kilichokuwa kwenye viazi kadhaa, kwa sababu kilichoondoka ni maji peke yake. Tende zinafuata kanuni hiyohiyo. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Tende tatu ndogo za kufungulia hazina neno. Pakiti iliyoachwa wazi juu ya meza ya ofisi ni habari nyingine, hata kama imeandikwa haijaongezwa sukari.

Kuna imani nyingine nazipitia haraka kwa kuwa hazistahili zaidi. Nanasi halikati mafuta ya mwili. Kimeng'enya chake, bromelini, huvunja protini, ndiyo maana ulimi unawasha na nyama iliyolowekwa humo inalainika, ila mafuta ya kitambi hayakiogopi. Maji ya moto yenye limao hayayeyushi chochote. Faida yake ni pale yanapokalia nafasi ya chai yenye sukari. Na tunda likiliwa baada ya chakula haliozi tumboni, kwa sababu tumbo lina asidi kali isiyowapa bakteria wa kuozesha nafasi ya kufanya hivyo. Kulila kabla ya mlo kuna faida moja ya kawaida kabisa: linatangulia kujaza, na sahani inayofuata inapungua.

Mwenye kisukari hapaswi kuyachukua maneno yangu kama ruhusa ya kula atakavyo. Tunda zima linamfaa naye, ila kwa kipimo, tuseme chungwa moja au nusu ya embe la wastani kwa mkao mmoja, na mashine ya kupimia itamwonyesha mwili wake unavyolipokea. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asibadilishe mlo ghafla bila kuzungumza na kliniki yake. Mgonjwa wa figo ana jambo jingine la kuangalia, madini ya potasiamu, na ndizi, parachichi na maji ya machungwa vinaweza kumletea hatari hata kama mzani wake unapendeza. Huyo asifuate makala, afuate daktari.

Nilichobaki nacho ni cha waajiri, kwani ndio wanaonunua kitafunwa kikubwa cha mji huu. Ofisi nyingi, shule na kumbi za semina za Mwanza zina chai ya saa nne. Sinia huja na maandazi, sambusa, chapati, na chupa ya chai ambayo mara nyingi imeshatiwa sukari huko huko jikoni, hivyo asiyeitaka hana pa kukimbilia. Hatua ya kwanza haigharimu hata senti: chai ije bila sukari, bakuli la sukari likae pembeni, kila mtu achote mwenyewe na aione anayoichota. Ya pili ni kuondoa nusu ya maandazi na kuweka papai, tikiti, machungwa na ndizi. Nimesikia kwenye vikao kwamba matunda ni ghali. Kwa nanasi za Geita na machungwa yanayovuka maji kutoka Ukerewe, na embe ambazo wakati wa msimu zinamwagwa chini kwa mafungu pale Kirumba, hoja hiyo inasimama miezi michache tu ya mwaka. Kikwazo cha kweli ni kazi: andazi linafika tayari, wakati tikiti linataka maji safi, kisu, ubao, mfuniko wa kuzuia nzi na mtu wa kulimenya saa tatu na nusu. Mama anayeandaa chai hana muda huo na halipwi kwa ajili yake. Wanaopanga bajeti wampe nusu saa hiyo na malipo yake, au wamlipe muuza matunda anayeleta yaliyomenywa na kufunikwa, kwa mkataba, kama wanavyomlipa wa maandazi.